Pikipiki ya biashara: kufuli la diski, mnyororo, swichi ya siri au GPS?

Mpambanaji_Chamazi
Wakuu, habari za leo. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliotumia, sio wauzaji. Nimechukua Boxer 125 mpya, naiingiza barabarani mwezi huu, na kijana wa kuiendesha nimeshampata. Shida ni pa kuilaza. Anakaa nyumba ya kupanga huku Chamazi, wapangaji wengi, ua hauna geti, ni michongoma tu na kinjia cha watu kukatiza. Mtaa wa nyuma juzijuzi wameondoka na pikipiki aina ya TVS usiku, na mwenyewe alikuwa amelala chumba ambacho dirisha lake linaitazama.

Kariakoo nimeonyeshwa vitu vinne. Kufuli la diski lenye alamu, dogo, linaingia mfukoni. Mnyororo mnene uliovishwa kitambaa, unakuja na kufuli lake. Halafu fundi mmoja pale akaniambia achana na hayo yote, weka swichi ya siri. Cha nne ni GPS ya kufuatilia kwenye simu. Bajeti yangu laki na nusu, nikibanwa sana laki mbili. Nianze na kipi?

FundiTandika
Mkuu, kabla hujatoa hela nenda kaiangalie hiyo Boxer gurudumu la mbele. Lina diski au ni breki za shuu?

Mpambanaji_Chamazi
Za shuu, mbele na nyuma.

FundiTandika
Basi umebaki na vitatu. Kufuli la diski lina pini inayopita kwenye matundu ya ile sahani ya breki, gurudumu likizunguka linagota kwenye uma na kukwama. Breki za shuu zimefichwa ndani ya habu, hakuna sahani, hakuna tundu. Boxer nyingi za kazi na TVS HLX nyingi ziko hivyo, na wauzaji wanaendelea kuwauzia watu wenye breki za shuu bila kuuliza. Kuna wateja wangu wanaoling'ang'aniza kwenye spoku. Spoku unaikata kwa plaizi, dakika haiishi, na ukisahau ukatia gia unang'oa spoku nusu ya gurudumu mwenyewe.

Hata mwenye diski nimwambie: lile ni kufuli la kwenda dukani na kurudi. Linazuia pikipiki isisukumwe. Halizuii watu wawili kuibeba mzobemzobe na kuipandisha kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Boxer ni kilo mia na ushee tu, wabeba mizigo wa Kariakoo wanabeba zaidi ya hapo kila siku. Na ukilitumia, funga kamba ya rangi kutoka kwenye kufuli hadi kwenye hendo, ikukumbushe. Kusahau kufuli la diski na kuondoka ni kwenda chini papo hapo, na gadi ya mbele inaondoka nayo.

chapakazi_255
Na alamu yake je? Mimi nilivutiwa na alamu.

FundiTandika
Alamu inalia ikitikiswa. Inalia paka akipanda, inalia lori likipita, inalia mvua ikipiga. Wiki ya kwanza majirani wanatoka na tochi. Ya pili wanakutukana. Ya tatu hakuna anayeamka, hata wewe.

Konda_Mstaafu
Mimi nimeendesha hii kazi tangu watu wanaita toyo, kwa hiyo niongeze kitu ambacho naona mnakiruka. Mnazungumzia kufuli kabla ya kuzungumzia mwizi. Pikipiki ya biashara inaondoka kwa njia kama nne, na kila njia ina dawa yake.

Ya kwanza ni hiyo ya usiku nyumbani. Wanakuja na muda, wanajua ratiba yako, pengine walishaipitia mchana kuitazama. Hapo kufuli zito lina kazi.

Ya pili ni mchana. Dereva amempeleka abiria, amepanda ghorofani kumsaidia mzigo au ameingia kununua chapati, funguo amechukua. Anakuta hewa. Mwizi wa aina hii hana mkasi wa kukatia chuma wala grainda, ana mikono tu. Anapiga hendo teke, loki ya usukani inavunjika kwa sababu ni kile kijipini kidogo tu, anagusa waya za swichi, anapiga kiki, kaondoka. Huyu anashindwa na kitu chochote kinachomchelewesha.

Ya tatu ni abiria. Anakukodi saa nne usiku umpeleke kusikojulikana, mbele wanatokea wenzake. Hapo hakuna kufuli duniani litakalokusaidia kwa sababu pikipiki inawaka na wewe uko juu yake. Shuka, wape, okoa roho.

Ya nne wenye pikipiki wanaijua lakini hawapendi kuisema: dereva mwenyewe. Anapotea nayo, baada ya siku mbili simu haipatikani, inasikika iko mkoani.

Sasa mtoa mada uniambie, wewe unaogopa ipi?

Mpambanaji_Chamazi
Mzee, kwa kweli ya kwanza ndiyo inaninyima usingizi. Lakini umeniongezea na ya nne, sikuwa nimeiwaza.

Mama Nasri
Mwanangu, ya nne iwaze mapema. Mimi nina pikipiki za mkataba na kijiwe kizima kinanijua. Kitu cha kwanza ninachofunga ni karatasi. Kijana anakuja na mdhamini mwenye nyumba yake, sio mpangaji mwenzake. Tunakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, nakala ya kitambulisho cha NIDA ya wote wawili inabaki kwangu, picha ya kijana akiwa ameishika pikipiki na namba ya MC inasomeka. Kadi ya pikipiki haitoki kwangu, anapewa nakala. Hesabu, yaani ile hela anayoniletea, ikikatika bila sababu, siku hiyohiyo natafuta mtu, sisubiri wiki iishe.

Hayo hayagharimu laki mbili.

chapakazi_255
Mama, lakini karatasi haizuii mtu kuondoka nayo. Mtu akiamua ameamua. Muhuri wa mwenyekiti unaufuatilia hadi Tunduma?

Mama Nasri
Haizuii. Lakini mdhamini mwenye nyumba akijua atalipa yeye, ndiye anayemlinda kijana kuliko mimi. Mimi naishi mbali, yeye anamwona kila siku.

Mchomeleaji_Gongolamboto
Nirudi kwenye vyuma maana ndiyo kazi yangu.

Kaka, ule mnyororo uliovishwa kitambaa usiununue kwa kuutazama. Kitambaa kinaficha mambo. Vuta zipu au sukuma kitambaa nyuma uone pingili zenyewe. Mingine ndani ni milimita 6, unene wote ni sponji. Usichukue kabisa ile ya waya wa nyuzi nyuzi iliyovikwa plastiki, ile ni ya baiskeli ya mtoto, mkasi wa kawaida wa fundi bomba unaipitia.

Nenda na tupa ndogo mfukoni. Mwombe muuzaji ukwaruze pembeni mwa pingili moja, mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza kama inapita kwenye kioo, chuma kimekomazwa. Ikingʼata na kuacha unga unaongʼaa, hicho ni chuma laini, rangi na kitambaa havikibadilishi. Muuzaji akikataa kukwaruziwa, jibu umeshalipata.

Unene: mkasi mkubwa wa kukatia nondo, ule wenye mikono mirefu, unamaliza milimita 8 kwa kubana mara moja kama chuma ni laini. Milimita 10 iliyokomazwa inamtoa jasho. Kuanzia 13 mkasi wa mkono unashindwa, na 16 hata asijaribu. Tatizo ni uzito. Mnyororo wa 16 wenye urefu wa mita moja na nusu unakaribia kilo 8, dereva hatazunguka nao mjini. Huo unaachwa palepale panapolala pikipiki.

Na namna ya kuufunga ndiyo watu wanakosea zaidi. Usiuache ukalala chini. Ukilala chini, mwizi anaweka mkono mmoja wa mkasi ardhini na kuukalia ule mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Ukiuning'iniza juu, umekazwa, anabaki na nguvu za mikono tu. Upitishe kwenye fremu, sio gurudumu peke yake. Gurudumu la mbele linatoka kwa spana moja, utaamka ukute gurudumu lako limefungwa vizuri sana, mwenzie hayupo.

wa_Buguruni
Hahaha "mwenzie hayupo". Imetokea kwetu kwa baiskeli ya muuza maziwa.

Mpambanaji_Chamazi
Mkuu @Mchomeleaji_Gongolamboto asante. Sasa nifungie kwenye nini? Uwani hakuna nguzo. Kuna mpapai.

Mchomeleaji_Gongolamboto
Mpapai kaka wanaukata kwa panga la jikoni.

Chimba shimo kina cha mkono hadi kiwiko, upana wa ndoo. Chukua nondo ya milimita 16 au nene zaidi uliyo nayo, ikunjwe kama kiatu cha farasi, miguu yake ichomelewe kwenye kipande cha nondo kingine kinachokaa mlalo chini, ili hata wakivuta kwa gari isichomoke. Mimina zege, juu ibaki pete ya kupitisha mnyororo tu. Iache wiki zege likomae, ulimwagilie. Ongea na mwenye nyumba kwanza, wengine hawataki kuchimbiwa ua. Kama kuna ukuta wa tofali usiutegemee, tofali za huku kwetu boliti inatoka na kipande cha ukuta.

Leicester_Mtanzania
Wadau, nasoma kutoka Uingereza nacheka peke yangu, maana jirani yangu ana mjadala huuhuu kuhusu karavani yake, ile nyumba ya kuvutwa na gari. Hizo zinaibwa sana huku kwa sababu zinakaa zimepaki miezi mingi bila mtu, mwizi anakuja na gari lake, anaunganisha, anaondoka kama mwenyewe. Kufuli la pale kwenye ndoana ya kuvutia peke yake wanasema halitoshi. Anaongeza la gurudumu ambalo linapita katikati ya rimu na kuingia kwenye kitako kilichofungwa kwenye chasisi, gurudumu halizunguki hata kidogo. Kampuni yake ya bima ilimtajia kufuli za aina gani inazikubali, asipozitumia fidia ina matatizo.

Kinachosaidia huku ni kwamba kuna taasisi inaitwa Sold Secure, ipo tangu 1992, inazivunja kufuli kwa zana za wezi na kuzipa daraja: Bronze, Silver, Gold na Diamond juu kabisa. Karavani, pikipiki, baiskeli, kila kitu kina kundi lake. Kwa hiyo ukiona kufuli Kariakoo lina hiyo alama na ni halisi, kuna mtu alishalipiga. Ila nembo kuigwa ni rahisi, tafuta jina la modeli kwenye tovuti yao kabla ya kulipa.

Mchomeleaji_Gongolamboto
Huko kwenu wana grainda za betri pia?

Leicester_Mtanzania
Wanazo, ndiyo silaha yao kubwa. Karibu kila mnyororo unakatika kwa grainda, ni suala la dakika na diski ngapi. Kuna makufuli ya bei mbaya yaliyotengenezwa kula diski ya grainda, Hiplok na Litelok wanayo, lakini bei yake huku unanunua injini ya Boxer iliyotumika.

Mchomeleaji_Gongolamboto
Sawa. Grainda ina kelele na cheche, usiku wa Chamazi kwenye nyumba ya wapangaji kumi inaamsha watu. Na hilo ndilo unalolinunua, dakika na kelele. Hakuna chuma kisichokatika.

Umeme_wa_Pikipiki
Nimekuja kwenye swichi ya siri, naona imesahauliwa wakati kwa mtoa mada ndiyo bei nafuu kuliko vyote. Pamoja na ufundi haifiki hata elfu thelathini.

Kinachofanyika ni kukata waya mmoja unaoendesha moto wa plagi na kuuingiza kwenye kiswichi kidogo unachokificha. Mwizi akiharibu swichi ya funguo, taa zinawaka, honi inalia, anapiga kiki mpaka mguu unamuuma, haiwaki. Kwa mwizi wa mchana aliyemsema Konda_Mstaafu, huyo wa mikono mitupu, hakuna kitu kinachomtesa kama hiki. Hana muda wa kufungua mabati. Akisukuma mita mia anaiacha.

Lakini kuna swichi ya siri na kuna swichi ya siri. Mafundi wengi wanaiweka chini ya siti, upande wa betri, au nyuma ya kibati cha kulia. Kila fundi Dar anaiweka hapo, kwa hiyo kila mwizi anaanzia hapo. Mwambie fundi wako aiweke mahali ambapo wewe mwenyewe utapafikia bila kuinama sana ila mtu hawezi kupaona, na asiache waya mpya wenye rangi ya kung'aa unaotembea kama mshale wa kuonyesha njia. Atumie waya wa rangi na unene uleule wa kiwandani, aufungie ndani ya ile soksi nyeusi ya waya. Maungio yachomwe kwa lehemu na kuvishwa mpira wa kubana kwa moto. Sio kusokota na kufunga tepu. Tepu ya huku Dar na hili joto inayeyuka gundi ndani ya miezi michache, mvua ya masika ikija waya zinaguswa na maji, pikipiki inazima katikati ya Mandela Road na lori nyuma yako. Hiyo ni hatari kuliko wizi.

Na swichi yenyewe iwe ya kuzuia maji. Vile viswichi vya taa za chumbani vinavyouzwa mia tano usiviruhusu.

chapakazi_255
Swali la kizembe: dereva si ataijua? Na dereva akiwa ndiye mwizi?

Umeme_wa_Pikipiki
Ataijua, lazima, la sivyo ataiwashaje. Swichi ya siri haina msaada kwa njia ya nne. Wala kwa njia ya usiku wakija na kirikuu, maana hawana haja ya kuiwasha. Wanaibeba, wanaichinja kwa spea huko wanakojua.

Konda_Mstaafu
Niongeze ya bure kabisa, ya wazee. Koki ya mafuta. Ukipaki, funga koki. Mwizi anawasha, inawaka vizuri kwa mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, anaondoka kwa kujiamini, mbele kidogo inakata. Pikipiki iliyozima barabarani na mtu anaipiga kiki kwa jasho, watu wanamtazama. Wengi wanaitelekeza hapo. Vijana wa siku hizi koki hawaigusi tangu wanunue mpaka wauze, imeganda kwa kutu. Ipake mafuta kidogo ianze kuzunguka.

wa_Buguruni
Nakazia koki. Bosi wangu alinifundisha.

Pikipiki_Tisa
Niwe mtu wa GPS hapa, maana wengine wameizungumza kama vile ni pambo. Kwa mwenye pikipiki ambaye haiendeshi mwenyewe, GPS ndiyo macho. Naona imelala wapi, imezunguka kiasi gani, kijana akisema leo kulikuwa na mvua hakufanya kazi naangalia simu tu. Kwa njia ya nne hakuna mbadala.

Ila tuambiane ukweli wake. Kifaa hakizuii wizi, kinakuambia iko wapi baada ya kuibwa. Ndani yake kuna laini ya simu kama yako, imesajiliwa kwa alama za vidole, isajili kwa jina lako na sio la fundi. Inatumia data kidogo sana lakini ikikaa bila kutiwa vocha muda mrefu laini inafungwa, na utagundua siku unayoihitaji. Kinakula betri kidogo kidogo hata pikipiki ikiwa imezimwa. Ikisimama wiki mbili bila kuwashwa na betri yenyewe imechoka, itakuwa imekufa. Vingi vina kibetri cha ndani ambacho waya ukikatwa kinaendelea kwa saa chache na kukutumia ujumbe kwamba umeme umekatwa. Nunua chenye hicho, kisicho nacho mwachie muuzaji.

Mahali pa kukiweka: antena inahitaji kuona mbingu. Chini ya tangi la chuma itakuonyesha uko Morogoro wakati uko Mbagala. Chini ya sponji au plastiki inapita. Mwizi mzoefu anajua na anapapasa siti kwanza, kwa hiyo kikiwa kidogo kiingize ndani ya sponji ya siti yenyewe, fundi wa siti ashone juu.

chapakazi_255
Na ile ya kuzima injini kwa simu?

Pikipiki_Tisa
Ipo, ni rilei inayounganishwa kwenye waya uleule wa moto, unatuma ujumbe inakata. Vifaa vizuri vinasubiri mwendo ushuke ndipo vikate. Vingine vinakata papo hapo. Usikate pikipiki ikiwa mwendo kasi barabarani hata kama aliye juu ni mwizi. Pengine nyuma yake kuna gari lenye watoto. Na pengine aliye juu sio mwizi, ni kijana wako amesahau simu nyumbani. Mimi nasubiri isimame ndipo nazima, haiwaki tena.

Na ukishaiona kwenye ramani usiende peke yako na vijana wa kijiwe. Nenda kituoni uchukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, uwe na kadi, namba ya chasisi na ya injini, mwende na askari. Kijiwe kikifika kwanza kwa hasira, mnaweza kumpiga mtu aliyeuziwa bila kujua, na kesi ikawa yenu.

Mama Nasri
Hapo umesema neno. Mwanangu mmoja alitaka kwenda hivyo, nikamnyang'anya funguo.

Mpambanaji_Chamazi
Wakuu vipi kuhusu vile vitufe vya AirTag? Kuna mtu ananiuzia kwa bei ya chini kuliko GPS.

Leicester_Mtanzania
AirTag haina GPS wala laini. Inategemea simu za iPhone za watu wanaopita karibu ndizo ziseme ilipo. Katikati ya Leicester inafanya kazi vizuri. Ikiingizwa kwenye banda Kisarawe ambako hakuna mwenye iPhone, imenyamaza. Halafu imetengenezwa kumtahadharisha mtu anayetembea nayo bila kujua, mwizi mwenye simu ya kisasa anaweza kupata ujumbe kwamba kuna kitu kinamfuata. Kwa funguo na begi sawa.

Bima_na_Mimi
Mmefika kurasa hizi bila mtu kutaja bima. Ile ndogo ambayo kila pikipiki lazima iwe nayo ni ya kumlipa mtu wa tatu uliyemgonga. Ikiibwa, hailipi hata spoku. Bima kubwa ndiyo yenye wizi, na kabla ya kulipa uliza mambo mawili: je, wanachukua pikipiki ya kubeba abiria, na je, akiiba dereva uliyempa funguo mwenyewe inahesabika kuwa wizi? Soma kipengele chenyewe, usisikilize wakala kwa mdomo. Na ukishalipa hakiki stika mtandaoni kwa TIRA, mamlaka ya bima, za bandia zimejaa.

Mpambanaji_Chamazi
Asanteni sana, nimepata shule. Nimekaa na kalamu. Nimechagua hivi: swichi ya siri wiki hii kabla haijaingia kazini. Mnyororo wa 13 uliokomazwa na pete ya zege, unabaki nyumbani kwa kijana. Mwenye nyumba amekubali kuchimbiwa kwa sharti wapangaji wengine wenye pikipiki nao waitumie. Mkataba na mdhamini kama alivyosema Mama Nasri. GPS nitaweka hesabu za mwezi wa kwanza zikikusanyika, maana nikiweka sasa nanunua ya bei ya chini isiyo na kibetri.

Kuna mtu pia kaniambia niilaze kwenye paki ya usiku yenye mlinzi, mnaionaje?

Konda_Mstaafu
Kama ipo ya karibu na kijana, ichukue, hata kwa shilingi mia tano au buku kwa usiku. Lakini iangalie kwanza saa nane usiku, sio saa mbili. Utazame mlinzi yuko macho au amejifunika, wanaandika namba au hawaandiki, na asubuhi wanatoa pikipiki kwa kadi au kwa sura. Kama ni kwa sura, rudi kwenye zege lako.

Na mpangilio wako ungeugeuza kidogo. Ungeanza na GPS kabla ya mnyororo, maana unaogopa usiku lakini pikipiki iko mikononi mwa mtu usiyemjua mchana kutwa.

Mchomeleaji_Gongolamboto
Mzee mimi napinga. Chamazi wanabeba usiku, na hiyo GPS itamwonyesha ilipo saa kumi alfajiri wakati ipo kwenye vipande tayari. Bora asilie.

Pikipiki_Tisa
Wote mna haki, inategemea kijana. Kama ni ndugu au mtu uliyekua naye, mnyororo kwanza. Kama umempata kijiweni, GPS kwanza, hata kwa kukopa.

Mpambanaji_Chamazi
Ni mtoto wa dada wa mke wangu.

Mama Nasri
Basi mnyororo kwanza. Na mdhamini usiache, hata kama ni mtoto wa dada. Hasa kama ni mtoto wa dada.

Mpambanaji_Chamazi
Nimekusikia mama. Swali la mwisho kwa fundi: kufuli linalokuja na mnyororo nilitumie au ninunue pembeni? Na kutu je, huku upepo wa bahari unafika.

Mchomeleaji_Gongolamboto
La kuja nalo likwaruze tupa vilevile kwenye ule upinde. Mara nyingi mnyororo ni mzuri na kufuli ni bovu, mwizi anashughulika na kufuli. Tafuta lenye mabega, yaani mwili wake umepanda juu ukaufunika upinde, mkasi hauna pa kushika. Mwili wa shaba haushiki kutu ila upinde uwe wa chuma kilichokomazwa. Usimwagie oili chafu ndani ya tundu la ufunguo, inakamata vumbi na baada ya miezi ufunguo hauingii. Saga risasi ya penseli iwe unga, pulizia ndani, zungusha ufunguo mara kadhaa. Ukilifunga, tundu litazame chini ili mvua isiingie. Funguo zinakuja mbili au tatu: moja kwa kijana, nyingine kwako, na ile namba iliyochapwa kwenye ufunguo iandike mahali halafu uisugue kwa tupa itoke, maana mwenye namba anaweza kuchongesha.